Mkate wa Mayai Mlangoni pa Kanisa

Bi Time aliona mapema kwamba kioo kimegeuzwa. Walikuwa hawajafika hata barabara kuu, ndiyo kwanza wanatoka mitaa ya Laurel, huko Marekani, alipotupa jicho mbele na kukuta kile kioo kidogo cha katikati, ambacho dereva hutazamia magari ya nyuma, kimeelekezwa juu kwenye paa la gari. Aliyekigeuza ni dereva mwenyewe, Abdulghafur, na alikigeuza mara tu Bi Time alipoketi kiti cha nyuma na kuweka kikapu chake cha chakula mapajani.

"Sabiha," alisema, kwa sauti ile ambayo kina mama wa Mombasa huitumia wanapotaka mtu wa tatu asikie. "Muulize mwenzio, kwani mimi n'na ukoma?"

Sabiha alijifanya hakusikia. Alikuwa kiti cha mbele, amevaa gauni la zambarau na mtandio alionunua kwa ajili ya siku hiyo, kwani alikuwa anatimiza miaka ishirini na saba. Kwao Kibokoni, Mombasa, siku ya kuzaliwa haikuwa na kazi yoyote isipokuwa kuwakumbusha watu kwamba msichana anazeeka. Lakini katika nyumba ya wazee alikofanya kazi ya uuguzi, kulikuwa na bibi mmoja wa Kijerumani ambaye alimsimulia habari za kasri la mawe lililoko kwenye vilima, mbele ya mji wa Manassas, na kanisa la mtindo wa Ulaya ya zamani, ule wanaouita Baroko, lililoko njiani. Mahali kama pale, bibi alimwambia, mtu huenda na ampendaye siku yake ya kuzaliwa. Basi Sabiha alikuwa anakwenda na ampendaye, na mama yake mzazi nyuma.

Hakuwa na njia nyingine. Bi Time alikuja Marekani kabla ya Ramadhani kumtembelea bintiye, na sasa majani ya miti yalikuwa yamegeuka mekundu na Jumatano ilikuwa siku yake ya kurudi. Huko Mombasa Sabiha alikuwa akingojwa na posa. Shee, mtoto wa ami yake Sabiha, mwenye duka la vitambaa, alikwisha kuleta watu, na baba yake Sabiha hakuwa amejibu neno. Alisema atafuata atakalosema mkewe akirudi. Sabiha alipoulizwa anataka zawadi gani, aliomba moja tu.

"Mpe Abdulghafur siku moja, mama. Ukimkataa baada ya hapo, nitaolewa na Shee, na hutanisikia nikilalamika."

Bi Time alikubali, na ahadi ni deni.

Jambo lililomchanganya ni kwamba mambo hayakuanza hivi. Siku ya Idi Abdulghafur alikuja kwenye fleti yao pale Laurel pamoja na vijana wengine, akaubusu mkono wa Bi Time uliofunikwa leso, akala biriani mpaka akaomba tena, na akamchekesha mama wa watu kwa hadithi za uwanja wa ndege wa Dulles, ambako alikuwa fundi wa mitambo ya mizigo. Bi Time alimpenda hadharani. Alisema kumbe bara nako kuna Waislamu, na wanajua kula. Kwa mtu wa Kibokoni kumwambia hivyo mtu wa Mumias, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kisha, baada ya muda si mrefu, kijana akabadilika kama aliyelishwa kitu. Akija kumchukua Sabiha hakuingia tena ndani, alisimama chini kwenye ngazi. Bi Time akipokea simu, kijana alisalimu haraka haraka na kuomba apewe Sabiha. Na asubuhi hii, Bi Time alipomnyooshea mkono, Abdulghafur aliificha mikono yake nyuma ya mgongo, akainamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake. Sasa na kioo.

Kama Sabiha angemuuliza siku ya kwanza, pengine habari hii ingekuwa fupi. Lakini wapendanao wana ugonjwa wa kudhani. Alidhani Abdulghafur amechoka na maneno ya ubara na upwani, akadhani amepata mwingine kule Sterling anakoishi, akadhani mengi, na hakuuliza hata moja.

Kasri lilikuwa kubwa kuliko alivyotarajia. Lilijengwa na tajiri mmoja wa sabuni ambaye mkewe alikwenda Ulaya mara moja akarudi na huzuni, haoni tena raha ya nyumba ya kawaida. Basi mume akamjengea minara, madirisha membamba, na daraja la mbao juu ya handaki lisilo na maji. Bi Time alilizunguka kwa macho ya mtu aliyekulia jirani na Fort Jesus.

"Ngome yetu ilipigana vita," alisema. "Hii imepigana na nani?"

Msichana aliyewaongoza wageni aliwaonyesha pia mnara mdogo uliojitenga, wenye mlango wake, ngazi yake na jiko lake. Akaeleza kwamba humo aliishi mama mzazi wa yule mke, na kwamba kwa miaka yote hiyo yeye na tajiri hawakuwahi kula meza moja. Wageni wote wakacheka. Abdulghafur peke yake hakucheka. Aliutazama ule mnara mdogo kwa muda, kwa heshima kabisa.

"Huyu mzungu alilelewa," alimnong'oneza Sabiha.

Sabiha aliona huo ni mzaha, tena mzaha mbaya, maana mama yake alikuwa papo hapo nyuma.

Walipanda juu ya ukuta wawili peke yao. Bonde lote lilikuwa chini yao, jekundu na la manjano, na upepo ulikuwa na baridi kidogo. Abdulghafur alisimama karibu kiasi kwamba mkono wa shati lake uligusa wake, na hakuuondoa. Sabiha alimtazama. Alikuwa kijana mrefu, mwenye macho ya utulivu, na kwa miaka miwili macho hayo hayakuwahi kumdanganya. Hata sasa yalikuwa yale yale. Alimpenda mpaka akajionea huruma.

"Sabiha, leo nina neno," alisema.

"Sema."

Hakusema. Bi Time alikuwa ametokeza kichwa penye ngazi, anahema, ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Abdulghafur alimwona, akashtuka kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari, akakimbilia ngazi za upande wa pili. Bi Time alifika juu akaukuta mgongo wake tu ukiteremka.

Waliposhuka, Bi Time alitandika leso kwenye majani wale chakula cha mchana. Alikuwa ameamka alfajiri kupika. Kulikuwa na kababu, katlesi, chai ya tangawizi kwenye chupa, na mkate wa mayai wenye iliki, ambao aliupika uwe keki ya siku ya kuzaliwa japo mambo hayo alisema ni ya Wazungu. Alimwita Abdulghafur mwenyewe, kwa jina lake, akamwambia karibu mwanangu. Abdulghafur alijibu akiwa amegeuka upande, akisema asante, ameshiba, na anataka kwenda kuitazama injini. Akaenda kwenye Datsun yake, akafungua boneti, akainama humo muda wote waliokuwa wakila.

Ukanda wa pwani mtu anaweza kukukosea mengi na yakasahauliwa. Kukataa chakula ulichopikiwa na mama wa mtu, tena umekaribishwa kwa jina, hakusahauliki. Bi Time alikata mkate kipande kimoja, akampa Sabiha. Kilichobaki alikifunika, akakirudisha kikapuni, akafunga kifuniko.

"Nimeona nilichokuja kuona," alisema. "Mwenzio hanitaki. Na asiyenitaka mimi siku ya leo, atakutaka wewe siku ngapi? Jumatano nitamwambia babako amjibu Shee."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira Sabiha angeweza kubishana nayo. Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya, na Sabiha akajua limekwisha. Akakisukuma kipande chake cha mkate kwa chai.

Njia ya kurudi ilipita kwenye lile kanisa. Abdulghafur alisimamisha gari bila kuuliza, kwa kuwa ndivyo walivyopanga. Kwa nje lilikuwa jeupe lenye kuba, na mlangoni kulikuwa na benchi la mawe. Bi Time aliketi pale na kikapu chake. Alisema tangu azaliwe hajaingia kanisani, na hawezi kuanzia Marekani. Waende wao, wasikawie.

Ndani palikuwa na dhahabu kila mahali. Nguzo zilisokotwa kama kamba, na juu ya dari malaika wanene walikuwa wakigombania mawingu. Palikuwa kimya. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa mbele kabisa, anawasha mshumaa. Mahali pa namna ile hapafai kwa ugomvi, kwa hiyo waligombana kwa kunong'ona.

"Kama hunitaki ungeniambia," Sabiha alisema. "Usingemfanyia mamangu haya."

"Nimemfanyia nini?"

"Waniuliza? Hukumpa mkono. Umegeuza kioo usimwone. Kule juu umemkimbia. Ameamka alfajiri kukupikia, ukaenda kuinamia injini isiyo na ubaya wowote."

"Sabiha, nilikuwa na njaa mpaka nasikia kizunguzungu."

"Sasa mbona hukula?"

Abdulghafur alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu msikitini.

"Nile mbele ya mama mkwe?"

"Mama mkwe nani?"

"Mama yako."

Kisha akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kushangaa kwamba anaeleza. Kwao mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani kumpisha mwenzake. Baba yake hufanya hivyo, na baba yake ni imamu. Hata kumpakia garini leo kulikuwa makosa, ila ilikuwa siku ya Sabiha na hakuwa na gari la pili, kwa hiyo aligeuza kioo, angalau asimkodolee macho.

"Na Idi?" Sabiha aliuliza. "Idi ulikula naye, ukambusu mkono."

"Idi nilikuwa mgeni tu. Baada ya Idi nilimpigia mzee simu. Alinisubiri posta pale Mumias. Nikamwambia nimepata mtu, niko serious. Akasema sawa, atatuma wazee. Halafu akaniambia, kuanzia leo huyo mama umheshimu. Sasa ningefanyaje?"

"Ungeniambia mimi."

"Nilitaka kukuambia leo, kule juu. Si ndiyo mama akatokea."

"Kwa hivyo babako yuajua, na posta ya Mumias yajua, mimi sijui."

"Nilidhani umeona," alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika. "Sabiha, wallahi nilidhani umeona. Mwanamke yeyote wa kwetu angejua siku ile ile nilipoacha kuingia ndani. Angejua tayari nimemtaka, na angefurahi. Mimi nilikuwa nakuona unanuna, nikasema labda hanitaki, anatafuta namna ya kuniambia."

Miezi mitatu. Miezi mitatu mizima alikuwa ameposwa ngazini, na mposaji amesimama kwenye baridi akidhani anakataliwa. Sabiha alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati ya njia, na yule mama wa mshumaa akageuka kutazama. Alikuwa na furaha. Tusizungushe maneno, alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu akanyage nchi ile.

"Mbona hujaniuliza," alisema akijifuta kwa mtandio. "Mimi mwenyewe."

"Nakuuliza sasa."

"Ngoja hapa. Nikuambie nini, na mama amekwisha kuamua Shee akubaliwe?"

Akatoka nje.

Alimkuta Bi Time ameketi vile vile, kikapu mapajani, anatazama gari. Sabiha alichuchumaa mbele yake akamweleza yote, bila kupamba, kwa kuwa mama yake hakupenda mapambo. Alimweleza habari ya simu, imamu na kichaka cha njiani. Bi Time alisikiliza mpaka mwisho. Kisha Sabiha aliona midomo yake ikicheza kidogo, kama mtu anayerudia hesabu aliyokosea: ngazi, simu, mkono, kioo.

"Hayo ni mambo ya bara," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Kwetu mkwe huja akakaa, akala, akanyoosha mgongo."

"Najua."

"Kwa hiyo tangu asubuhi hajala kitu?"

"Hajala. Alisema asikia kizunguzungu."

"Na yuwatuendesha hivyo hivyo. Na njaa, na kioo kiko juu." Bi Time alipiga ulimi. "Subhanallah."

Alikuwa mwanamke wa haki, na mwanamke wa haki huumia anapolazimika kugeuza neno alilokwisha kulitoa.

"Nitakwambia kweli, Sabiha. Shee ni damu yetu, na mimi simtii ila. Kila Ijumaa yuwaja kwangu. Hula, hufuta mkono, huniambia shukran, huenda zake. Miaka yote hiyo hajaniuliza kama mimi nimekula. Na huyu mwana wa watu yuwashinda na njaa kwa ajili yangu, na hata hajui kama nimejua."

"Utamwambiaje baba?"

"Babako mwachie mimi. Nimelala naye miaka thelathini."

Akafungua kikapu. Alitandika leso yake juu ya benchi, akaitoa sahani, akapanga kababu na katlesi, akaukata mkate wa mayai vipande vinene, vinene kuliko alivyompa mwanawe. Harufu ya iliki ikatoka. Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa akaitegemeza isimwagike. Alipomaliza alisimama, akalivuta buibui lake mpaka likafunika uso.

"Mwambie atoke aje ale. Mimi nitakaa ndani mpaka amalize."

"Mama, ndani ni kanisani."

"Nimeona. Sina upofu."

"Ulisema…"

"Nilisema. Sasa wataka nikae hapa mtoto afe na njaa? Mungu yuajua nilichokifuata humo. Kamwambie."

Sabiha alikwenda kumwambia. Abdulghafur hakuuliza mara mbili. Alikuja mpaka mlangoni, na pale pale Bi Time alikuwa anaingia. Kijana aligeukia ukuta, kichwa ameinamisha, mikono nyuma. Bi Time alipita ubavuni mwake na uso umefunikwa, hatua za polepole, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Ilikuwa salamu nzuri kuliko zote walizowahi kupeana.

Sabiha alibaki mlangoni, maana pale aliweza kuwaona wote wawili. Nje, Abdulghafur alikula kama mtu aliyetoka safari. Ndani, Bi Time aliketi ukingoni mwa kiti cha nyuma kabisa, buibui limemfunika, mikono mapajani, anawatazama wale malaika wanene kwa mashaka. Alionekana mdogo chini ya dhahabu yote ile. Mtu aliyeingia angedhani amekuja kuomba.

"Ulisema ningoje," Abdulghafur alisema, mdomo umejaa. "Nimengoja. Jibu langu?"

"Wala mkate wa mamangu, na yeye amekaa kanisani kwa ajili yako. Wataka jibu gani tena?"

"Lako."

Sabiha alimtazama. Alikuwa na chembe ya mkate kidevuni.

"Nimekubali," alisema. "Nimekubali tangu kabla hujampigia babako. Futa kidevu."

Alikifuta, na ilimchukua muda kuweza kutafuna tena.

Alipomaliza alikunja leso, akarudisha sahani tupu kikapuni, akaenda kukaa garini na uso wake umeelekea barabarani. Hapo ndipo Bi Time alipotoka. Alikagua kikapu kwanza, akaona hakikubaki hata kipande, na Sabiha, aliyemjua mama yake, aliona alivyoridhika. Safari hii hakukaa katikati ya kiti cha nyuma. Alisogea mpaka nyuma kabisa ya dereva, akajibanza pale ambapo hata aliye na macho makali asingempata kiooni, akalishusha buibui.

Kioo kilikuwa bado kinatazama paa. Jua lilikuwa linateremka na barabara ya kwenda Laurel ilikuwa imejaa malori.

"Sabiha," Bi Time alisema, kwa sauti ile ile ya asubuhi, ya kumsikizisha mtu wa tatu. "Mwambie mkwe wangu akinyooshe kioo chake, aone njia."

Abdulghafur alikinyoosha bila kungoja kuambiwa.